Kibonge wa Germiston

Germiston haimo katika ratiba ya Mtanzania anayekwenda Johannesburg. Anayefuata mzigo huishia katikati ya jiji kwenye maduka ya jumla, anayefuata matibabu hupelekwa moja kwa moja hospitalini, na aliyealikwa na ndugu hapelekwi mbali zaidi ya Sandton kupiga picha. Dereva wa teksi niliyempata nje ya uwanja wa O.R. Tambo aliniuliza mara mbili kama kweli ni Rand ninakotaka kwenda, maana pale, alisema, hakuna ndege ya abiria inayokwenda popote. Nikamjibu kwamba ndizo hasa ninazozitaka, zile zisizokwenda popote.

Si mbali. Barabara inapita kati ya maghala na karakana za malori, kisha vinaanza vilima vya udongo wa njano ambavyo si vilima vya Mungu. Ni mchanga uliotolewa migodini kwa zaidi ya miaka mia moja, ukasagwa, ukakamuliwa dhahabu yake, ukamwagwa. Dhahabu yenyewe husafishwa hapa hapa Germiston, katika kiwanda cha Rand Refinery, ambacho ni miongoni mwa vikubwa duniani. Halafu, juu ya mapaa ya mabati, nikauona mkia. Mkia mtupu, bila ndege, umezidi kila kitu mtaani kwa urefu.

Uwanja wa Rand ulifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka kadhaa ndio uliokuwa mlango wa Johannesburg kwa wasafiri wa anga. Leo ni makao ya ndege ndogo za injini moja, vyuo vya urubani, helikopta, na mgahawa ambao familia huja mwisho wa wiki kunywa chai huku watoto wakitazama wanafunzi wakihangaika kutua. Pembeni, kwenye eneo la makumbusho ya SAA, shirika la ndege la Afrika Kusini, zimeegeshwa Boeing 747 mbili. Moja ni Lebombo, 747-200, Jumbo ya kwanza ya shirika hilo, iliyopokelewa mwaka 1971. Jirani yake ni Maluti, aina ya 747SP. SAA walikuwa na desturi ya kuzipa Jumbo zao majina ya milima, na orodha ya zile SP sita inasomeka vizuri mdomoni: Matroosberg, Outeniqua, Maluti, Majuba, Hantam, Soutpansberg.

Zote mbili zilifika hapa kwa kuruka zenyewe, Lebombo Machi 2004 na Maluti Septemba 2006. Hilo si jambo dogo. Njia ya kurukia ya Rand haifiki mita 2,000, na uwanja uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huifanya ndege itake njia ndefu zaidi. Zikaja tupu, mafuta kidogo, rubani roho mkononi. Kutua kuliwezekana. Kuondoka hakukuwa kwenye mpango.

Mimi nilikuja kwa ajili ya Maluti, au niseme ukweli, kwa ajili ya ndugu yake. Nimekulia Kipawa, ng'ambo tu ya uzio wa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, na katikati ya miaka ya 1990 sisi watoto wa Kipawa tulizijua ndege kwa mlio kabla hatujaziona. Siku moja ikaja ambayo hatukuwa na jina lake. Ilikuwa Jumbo, maana ilikuwa na nundu na injini nne, lakini ilikuwa fupi, kana kwamba mtu ameikata katikati akaiunganisha haraka haraka. Tukaiita Kibonge. Ubavuni iliandikwa Alliance. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa akipakia mizigo uwanjani, akatuambia ile ni ndege yetu sisi, Waganda na Waafrika Kusini. Hatukumwamini, kwa sababu mkiani hakukuwa na twiga wa Air Tanzania.

Alikuwa sahihi nusu.

Ukisimama kati ya Lebombo na Maluti unaona kazi ya mkasi wa Boeing. SP ni fupi kwa zaidi ya mita 14: mita 56 na kidogo, wakati dada yake ana zaidi ya 70. Milango ya abiria ubavuni ni minne badala ya mitano. Mkia, kinyume cha matarajio, uliongezwa urefu, kwa sababu ndege fupi hukosa wenzo wa kutosha wa kujinyoosha injini moja ikizimika. Mzee aliyekuwa akitutembeza, fundi mstaafu anayejitolea pale, alitupeleka chini ya bawa akatuambia tutafute kilichokosekana. Hakuna aliyejua. Akanyoosha kidole upande wa Lebombo: chini ya mabawa yake kunaning'inia vifuniko virefu vinavyofunika mitambo ya vibao vya kupunguzia mwendo. Kwa Maluti pako laini. Boeing waliweka vibao vya aina rahisi zaidi ili kupunguza uzito, na kila kilo waliyoipunguza ikageuzwa kuwa umbali. Ndege nzima ilisanifiwa kwa hoja moja tu, kwenda mbali bila kutua. Zilitengenezwa 45, basi.

Na kwa nini Afrika Kusini iitake ndege ya kwenda mbali bila kutua? Hapa ndipo Dar es Salaam inapoingia, muda mrefu kabla ya Kibonge. Tangu mwaka 1945 ndege za SAA za kwenda London zilikuwa zikipita Nairobi, Khartoum na Cairo, safari ya mchana na usiku kwa vituo. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaundwa Addis Ababa, Kamati yake ya Ukombozi ikawekwa Dar es Salaam, na mwaka huo huo nchi huru zikaanza kuwafungia Makaburu anga zao. SAA ikalazimika kuzunguka bara zima upande wa Atlantiki, ikitua kisiwa cha Sal huko Cape Verde kujaza mafuta. Ni kilomita nyingi za ziada, na kila tiketi ilibeba gharama yake. Basi Boeing walipotangaza Jumbo fupi inayokwenda mbali, Pretoria ikawa miongoni mwa wateja wa mwanzo. Machi 1976 Matroosberg ilitoka kiwandani karibu na Seattle ikaruka moja kwa moja hadi Cape Town, kilomita 16,560 kwa saa 17 na dakika 22. Rekodi hiyo ilikaa hadi mwaka 1989.

Kwa maneno mengine, SP za Afrika Kusini zilinunuliwa ili zisituhitaji. Ni ndege zilizozaliwa kwa sababu sisi tulisema hapana.

Lakini ndege ni mali inayokula hata ikilala. Bima inaenda, maegesho yanaenda, ukaguzi unafika kwa tarehe hata kama hakuna saa zilizorukwa. Miaka ya 1980 vikwazo vikaanza kuuma kweli. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 iliwafungia SAA milango ya New York, Australia ikafuata, na ndege zilizonunuliwa kwa ajili ya safari ndefu zikabaki na safari chache. Mwenye shamba asiyelima hulikodisha, nao wakakodisha. Kuanzia mwaka 1984 Air Mauritius ilikuwa ikiruka na SP ya SAA yenye rangi za Mauritius. Luxair ya Luxembourg nayo ikapata yake. Namibia ilipopata uhuru mwaka 1990, shirika lake la Namib Air lilianza safari za Windhoek hadi Frankfurt kwa SP iliyokodiwa kutoka kwa mtawala aliyeondoka majuzi. Sioni aibu katika hilo. Nchi changa ilitaka kufika Ulaya, na ndege ilikuwa imeegeshwa jirani.

Luxembourg ni kisa chenye kicheko zaidi. Kampuni binafsi ya Afrika Kusini, Trek Airways, ilikuwa imeng'amua mapema, tangu miaka ya 1960, kwamba marufuku ilifuata bendera, chuma hakikuwa na kosa. Ikashirikiana na Luxair, ndege zikaruka kwa jina la Luxembourg, na anga zilizokuwa zimefungwa zikafunguka. Ndege ni zile zile na abiria ni wale wale.

Nilimuuliza yule mzee ni nini hasa hubadilika ndege inapopangishwa. Nilitegemea aseme rangi. Akasema makabrasha. Ndege ikirudi kutoka kwa mpangaji, alisema, mafundi hawaanzi na injini, wanaanza na karatasi. Ndani ya injini kuna diski ambazo maisha yake huhesabiwa kwa idadi ya kuruka na kutua. Kila moja lazima iwe na historia tangu siku ilipotoka kiwandani: ilifungwa wapi, ikafunguliwa lini, imeruka mara ngapi, nani alitia saini. Karatasi zikikatika hata kwa kipindi kifupi cha mpangaji mmoja mzembe, diski hiyo ni chuma chakavu, hata ing'ae namna gani. Alisema haya bila uchungu, akigonga gurudumu kwa kiatu, lakini nilielewa kwamba amewahi kukesha akitafuta saini ya mtu aliyekuwa bara jingine.

Kuna namna mbili za kukodi ndege. Unaweza kuchukua ndege tupu, ukaweka marubani wako, wahudumu wako, mafundi na bima yako, ukaiandikisha kwenu na kuipaka rangi zako. Au unaweza kuikodi na watu wake: mwenye ndege analeta marubani, wahudumu, matengenezo na bima, wewe unalipa kwa saa na kununua mafuta, na hata herufi za usajili zinabaki zake. Ya kwanza ni ya miaka, ya pili hukodiwa kwa msimu au kwa dharura, kama wakati wa Hija. Juu ya kodi ya ndege tupu mwenye mali huongeza akiba ya matengenezo, fedha inayokusanywa kwa kila saa ya injini na kila mruko, ili ukaguzi mkubwa ukifika pasiwe na visingizio. Ndiyo maana mwenye ndege hujali sana unaipeleka wapi. Ya Windhoek hadi Frankfurt inaruka mara moja inakaa hewani usiku kucha. Ya Dar, Mwanza na Bukoba inapanda na kushuka mchana kutwa, na kila ikipanda bodi inavimba kidogo kwa hewa ya ndani, ikishuka inanywea. Miaka kumi ya namna hiyo huizeesha ndege kuliko ishirini ya usiku wa Frankfurt.

Sasa turudi mwaka 1995. Mandela yuko Ikulu. Juni 24, Lebombo, hii hii niliyokuwa nimesimama kwenye kivuli chake, ilipita chini kabisa juu ya uwanja wa Ellis Park kabla ya fainali ya Kombe la Dunia la raga, rubani akiwa Laurie Kay, na uwanja mzima ukapiga kelele. Mwezi uliofuata, Alliance ilianza kuruka. Ilikuwa ndoa ya SAA, Air Tanzania na Uganda Airlines, pamoja na serikali zao, makao yakiwa Uganda, na shabaha ikiwa London, Dubai na Bombay, soko ambalo Dar na Entebbe kila moja peke yake ilikuwa haiwezi kulijaza. Kwa karatasi, mawazo hayo yalikuwa mazuri, na bado naamini yalikuwa mazuri. Ndege ya kuanzia ilikuwa 747SP iliyokodiwa kutoka SAA. Ndege ya kuikwepa Tanzania ikawa inatua Tanzania, ikibeba jina ambalo Tanzania ilikuwa mbia wake, na herufi za usajili ubavuni zikibaki ZS, za Afrika Kusini. Kwa hiyo yule jirani yetu mpakia mizigo alikuwa na haki ya kujivuna, na sisi watoto tulikuwa na haki ya kumtafuta twiga.

Haikudumu. SP ilikuwa na karibu umri wa miaka ishirini, injini nne za kizazi cha mwanzo, zenye kiu. Uwezo wa kwenda kilomita elfu kumi bila kutua hauna faida kwa ndege inayotua Entebbe baada ya saa chache. Unalipia mafuta ya kubeba sifa usiyoitumia. Wakahamia Boeing 767, ndege yenye akili zaidi kwa kazi ile, lakini hasara zilikuwa zimekwisha kuota mizizi, na Oktoba 2000 Alliance ikafungwa. Wengi hulaumu siasa za serikali tatu. Mimi nadhani tatizo lilikaa mahali pa wazi zaidi: mmoja wa wabia ndiye aliyekuwa mwenye ndege. Alipata kodi yake hata mwezi ambao shirika lilipata hasara, na wenzake hawakuwa na njia ya namna hiyo. Hakuhitaji kuwa na nia mbaya.

Ndege zilizokodiwa huondoka na historia zetu bila kuaga. Mapema miaka ya 1990 Air Tanzania ilikodi kwa vipindi vifupi Boeing 767 ya Ethiopian Airlines yenye usajili ET-AIZ. Watanzania walipanda, wakafika, ikarudi kwao Addis. Novemba 23, 1996 ndege hiyo hiyo ilitekwa ikitoka Addis kuja Nairobi, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini ufukweni mwa Ngazidja. Kati ya watu 175 walikufa 125, akiwamo mpiga picha wa Kenya, Mohamed Amin. Tunaikumbuka kama ajali ya Komoro. Sijawahi kumsikia mtu Dar akisema kwamba tuliwahi kuikalia.

Siku hizi mwenye ndege mara nyingi si shirika la ndege kabisa. Biashara hii ilipata umbo lake Ireland. Tony Ryan, mfanyakazi wa Aer Lingus aliyepewa kazi ya kumtafutia mpangaji Jumbo iliyokosa kazi, alimpata Air Siam ya Thailand, akaona palipo na fedha, na mwaka 1975 akaanzisha kampuni ya GPA pale Shannon. GPA ilijikwaa mwaka 1992 iliposhindwa kuuza hisa zake, lakini mazoea yakabaki, na leo karibu nusu ya ndege za abiria duniani ni za kupanga. Mkataba wa kimataifa unaomlinda mwenye ndege dhidi ya mpangaji asiyelipa ulitiwa saini mwaka 2001, na mji uliochaguliwa ulikuwa Cape Town, kule kule ilikotua Matroosberg na rekodi yake. Daftari la haki hizo linatunzwa Ireland. Kenya Airways ilipobanwa na madeni mwaka 2016, iliwapangisha Waturuki Boeing 777 na Oman Air Boeing 787, na kwa muda Mswahili wa Muscat aliweza kusafiri kwa ndege ya Nairobi bila kujua.

Nilirudi Dar kwa Airbus A220 ya Air Tanzania, ATCL. Nina tabia moja inayowaudhi wasafiri wenzangu: nikifika mlangoni husimama kusoma vibao vya chuma kwenye fremu. Kimoja huwa cha kiwanda na namba ya ndege. Zikiwa za kupanga, mara nyingi huwa na kingine kinachotaja mwenye mali, na kila injini hubeba chake.

"Kaka, pita basi. Unasoma nini mlangoni?"

Aliyeuliza ndiye niliyekaa naye. Anauza viatu Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na alikuwa amekwenda Johannesburg kwa mambo ya familia lakini mabegi yake yalisema vingine. Nilimweleza. Nikamwambia hii tunayoikalia mwenyewe ni serikali, kupitia wakala wake wa ndege, TGFA, na ATCL ni mpangaji.

"Kwa hiyo serikali inajipangisha yenyewe?"

"Ndiyo."

"Na inajidai kodi?"

Nikamwambia ina faida na hasara zake. Agosti 2019 ndege ya aina hii ilizuiwa hapo hapo O.R. Tambo kwa amri ya mahakama, kwa ajili ya mkulima aliyekuwa akiidai serikali fidia ya mali zilizotaifishwa zamani. Mahakama iliiachia Septemba. Lakini ingekuwa ya kupanga kutoka Ireland, mdai wa serikali angeigusa kwa sababu gani, wakati si ya serikali? Alifikiri kidogo. Yeye mwenyewe, alisema, anaelewa mambo haya kuliko ninavyodhani, maana fremu yake ya duka ameilipia kilemba na kodi ya mwaka mzima. Nikamsimulia habari za Alliance. Alisikiliza mpaka nilipofika kwa mbia mwenye ndege, akanikatiza.

"Subiri. Kodi ya ndege inalipwa mwanzo wa mwezi au mkishauza tiketi?"

"Kwa kawaida mwanzo wa mwezi. Saa za kuruka ndizo zinahesabiwa mwisho wa mwezi, nazo zinalipiwa mbali."

"Na mwenye fremu yuko kwenye duka?"

"Yuko. Ni mbia."

Akaguna, akalegeza viatu, akaomba maji kwa mhudumu. Kisha akaniuliza, kwa kuwa ninajua sana mambo ya kupangisha, kama nimesikia fremu yoyote Mtaa wa Aggrey isiyo na kilemba.